Usivute trela kwa imani tu

Siku hizi ukipita Donholm au Buruburu utaona Mitsubishi Outlander PHEV, yale magari ya mitumba kutoka Japani yanayochajiwa stima kama simu na bado yanakunywa petroli. Kwa vijana wanaokodisha mahema na spika, swali ni moja: hili litavuta trela mpaka Naivasha?

Litavuta. Kule Uingereza, modeli ya kwanza iliruhusiwa kilo 1,500, mradi trela iwe na breki zake. Bila breki, kilo 750 basi. Sasa niambie, trela ngapi za jua kali mtaani kwetu zina breki?

Usijidanganye kuhusu mafuta pia. Betri ya kilowati-saa 12 ni ya safari fupi za mjini. Ukifunga mzigo, itaisha mapema na petroli ndiyo itafanya kazi. Kwa hivyo mteja mpigie hesabu ya petroli. Na ukirudi, bonyeza Save mapema ili betri ikusaidie kupanda Mai Mahiu.

Lakini shida yenyewe iko kwenye kuteremka. Mota hupunguza mwendo na kurudisha chaji kidogo, sawa, ila tani nzima isiyo na breki itakusukuma tu.

Mafundi wetu wanajua kazi. Sisi ndio huwaambia, "Fundi, toa breki, bei ishuke." Tuache hiyo. Spika zikivunjika tutanunua zingine. Watu walio kwenye matatu mbele yako hawanunuliki.