Sifuri inayoweza kuigeuza Makueni kuwa Kitui

SERIKALI za kaunti zinapoendelea kuhamishia ukusanyaji wa kodi, hesabu za dawa na rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, mjadala hutawaliwa na bei ya programu na jina la mwanakandarasi. Ni nadra kuulizwa mipangilio ya programu hizo itaandikwa kwa lugha gani.

Mipangilio ni maagizo yanayoielekeza programu ihudumie kaunti ipi, ihifadhi data wapi na itoze ada gani. Programu inaweza kuwa moja, lakini mipangilio ndiyo hutofautisha ile ya Wote na ile ya Mwingi.

Majirani wawili wa Ukambani wanatoa mfano mzuri. Katika orodha ya kaunti 47 iliyomo kwenye Katiba ya 2010, Kitui ni ya 15 na Makueni ya 17. Tume ya uchaguzi, IEBC, huziandika 015 na 017. Mtaalamu akiandika 017 bila alama za kunukuu katika YAML, lugha inayotumiwa sana kwa kazi hii, zana zinazofuata toleo lake la 1.1 huichukulia sifuri ya mwanzo kuwa amri ya kuhesabu kwa nane. Nane moja ukijumlisha na saba ni 15. Makueni imekuwa Kitui! Nayo 015 huwa 13, ambayo ni Tharaka-Nithi. Kompyuta hailalamiki, na dawa au fedha zaweza kuandikwa kwa jirani.

Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa kanuni hiyo, lakini si zana zote zilizolifuata. Ansible, kwa mfano, hutegemea kisomaji cha toleo la kale.

JSON huikataa kabisa nambari inayoanza kwa sifuri. Hata hivyo, hairuhusu maelezo ya pembeni ya kumwongoza mtaalamu atakayerithi kazi. CUE humwezesha mwandishi kutangaza kwamba nambari ya kaunti ni maandishi ya tarakimu tatu, na kosa hunaswa kabla programu haijafika hospitalini. Tatizo ni kuwa wanaoifahamu ni wachache.

Violezo navyo, kama vile vya Helm, huokoa kazi kwa kuwa faili moja hutumika kwa zahanati nyingi. Lakini Helm hubandika maneno bila kujali maana yake, hivyo kosa moja husambaa kote.

Kwa kaunti yenye mafundi wachache, busara si kukimbilia zana mpya. Heri lugha inayoeleweka na wengi, kila nambari ya utambulisho ifungwe kwa alama za kunukuu, na ukaguzi ufanywe kabla ya kila badiliko. Aidha, mkataba useme wazi kwamba faili hizo, pamoja na historia ya mabadiliko yake, ni mali ya kaunti, wala si za mwanakandarasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye jina la jirani halina nafuu.