Sindano ya mwezi isikosekane kituoni

Mhariri,

Nataka kueleza linalotuumiza sisi wenye ndugu wanaougua skizofrenia hapa Rusizi, Rwanda. Katika kituo cha afya anakotibiwa mdogo wangu, dawa zake hukosekana mara kwa mara. Tunafika siku ya miadi, mituweli, yaani bima ya afya, ya nyumba nzima imelipwa, tunajibiwa kwamba Haldol imekwisha, tujaribu farmasi. Huko tunalipa kutoka mfukoni, na ile sindano inayokaa mwilini mwezi mzima mara nyingi haipo. Wenzetu wengine huvuka mpaka kuitafuta Bukavu.

Asiyeuguza atasema tuvumilie, dawa itakuja. Lakini dawa hizi haziung'oi ugonjwa, zinauzuia tu, na zinauzuia mradi mgonjwa anazipata bila kukatizwa. Hupunguza nguvu ya dopamini katika ubongo, ndipo sauti zinazomtukana mtu usiku zinanyamaza na hofu kwamba jirani anataka kumuua inalegea. Dawa ikikatika, mgonjwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akiwa mzima machoni pa watu, kisha ugonjwa ukarudi. Ndiyo maana hakuna anayeona uhusiano kati ya sanduku tupu la kituoni na kijana anayepiga kelele barabarani. Watu husema karogwa.

Mdogo wangu alikuwa amerudi kuuza samaki wa sambaza Kamembe. Alipokosa sindano alianza kukesha, akakataa chakula cha mama akidai kina sumu, mwishowe akalazwa. Ile kazi hajairudia hadi leo.

Wala hatudai dawa mpya ya gharama kubwa. Kloropromazini, dawa ya kundi hili, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli, ambayo ndiyo Haldol, ilitoka katika maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji, mwaka 1958. Nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tena hakuna dawa iliyo rahisi kukadiria kama hii. Malaria huja na mvua, huwezi kujua itawapata wangapi. Wagonjwa wetu wameandikwa katika rejista, kipimo cha kila mmoja kinajulikana, tarehe ya sindano ijayo imeandikwa kwenye kadi yake. Inakuwaje basi iishe ghafla?

Na Artane isisahauliwe. Haldol huweza kukaza shingo na taya, kutetemesha mikono, kumfanya mtu atembee kama mti mkavu. Artane huyapunguza hayo, nayo pia hukosekana. Mgonjwa akikataa dawa kwa sababu ya mateso hayo, tunaambiwa ni mkaidi. Mimi nasema si mkaidi, ameumia.

Kuna wanaotushauri twende hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera. Tunaiheshimu hospitali ile, imewatibu wengi, lakini iko Kigali, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake inaweza kumaliza akiba ya familia.

Tunawaomba wanaosimamia dawa wilayani wahesabu wagonjwa walio katika rejista, waagize mapema, na wabakize akiba ya angalau miezi miwili ya sindano katika kila kituo kinachowatibu. Na akiba hiyo ikipungua, watuambie kabla ya siku ya miadi.

Msomaji wako,
Kamembe, Rusizi