USITOE JIWE LAKO LA KUSAGIA



Leo naongea na wewe unayeishi na ulemavu huku madeni ya zamani yakikufuata. Pengine ulikopa ukiwa na nguvu zako, kabla ya ajali au kiharusi. Pengine ni bili ya hospitali. Sasa unategemea pesa ya Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, na wakati mwingine inachelewa. Igawe kwa siku 30, haifiki Sh70 kwa siku. Na kabla hujanunua unga, simu inalia: unalipa lini?

Msimamo wangu ni huu: deni ni la kulipwa, lakini Mungu hakudai ulilipe kwa chakula chako cha leo.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:6. Mungu anamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mwenyewe. Nyumba isiyo na jiwe haina unga, na isiyo na unga haina ugali jioni. Angalia vizuri: hapo Mungu hakufuta deni. Aliuwekea mpaka mkono wa anayedai. Ile Sh2,000 ndiyo jiwe lako. Kiti chako cha magurudumu ni jiwe. Cherehani unayoshonea ni jiwe. Usiviweke rehani, na usimwachie shailoki kitambulisho, kadi ya benki wala namba yako ya siri.

Utaniambia, "Pasta, Zaburi 37:21 inasema mwovu hukopa asilipe." Ni kweli, na ninaiamini. Lakini kukataa kulipa si sawa na kukosa cha kulipa. Anayekataa huzima simu. Wewe ishike useme ukweli: "Nina hiki, sina kile."

Chukua daftari. Andika kila deni: ni la nani, ni kiasi gani, ni la lini. Kisha tenga chakula, dawa na kodi ya nyumba. Kinachobaki, hata kikiwa Sh200, ndicho cha madeni. Sh200 kila mwezi ni Sh2,400 kwa mwaka. Anza na mama mboga na wenzako wa chama, kwa sababu nao wanaishi kwa hiyo hiyo pesa ndogo. Ahadi ndogo unayoitimiza ina heshima kuliko ahadi kubwa ya kumnyamazisha mtu.

Usikope kwa simu ili ulipe mkopo mwingine. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa ikiingia M-Pesa deni hukatwa kwanza. Msaada wako ukitumwa kwa laini hiyo, utaliwa kabla hujauona.

Pia jua haki zako, maana wengi wanateswa kwa kutojua. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishakwama, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi ule mkopo uliokuwa umebaki ulipokwama. Kama ulikwama na Sh10,000 na leo benki inakudai Sh50,000, omba hesabu kwa maandishi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Na deni la mkataba lina miaka 6 ya kupelekwa kortini. Ukitia sahihi kwamba unalikubali, au ukilipa kidogo, miaka hiyo inaweza kuanza kuhesabiwa upya. Kampuni ikikuletea karatasi ya deni la zamani, mtafute anayejua sheria aisome kwanza. Sisemi umkwepe mama mboga kwa kuhesabu miaka. Jirani aliyekuamini anakudai mbele za Mungu, hata kama korti imefunga faili.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawatalipenda. Kuna wanaokuambia ulete ile Sh2,000 iwe mbegu, na deni litafutika. Mimi nakataa. Katika 2 Wafalme 4, mjane wa mtumishi wa Mungu alikuwa ameachiwa deni, na mdai alikuja kuchukua wanawe wawili. Elisha hakumwomba sadaka. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipoongezeka, alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mungu alihesabu deni, akahesabu na chakula cha watoto. Na ukinitajia mjane wa senti mbili katika Luka 21, rudi nyuma kidogo usome Luka 20:47, Yesu anapowakemea wanaokula nyumba za wajane. Mbegu ya mtu anayelala njaa usiipokee kwa furaha, mtumishi mwenzangu.

Tena deni si ushahidi wa laana. Yule nabii aliyekufa na deni alimcha Bwana, Biblia yenyewe inasema. Usikubali mtu akuambie ulemavu wako na madeni yako ni dhambi unayoificha.

Na wewe usiye na shida hii, usipite haraka. Mafuta ya mjane yaliingia kwenye vyombo vya majirani. Chombo chako ni kipi? Kama ni wewe unayedai, unaweza kusamehe, au kupokea Sh100 bila kununa na bila kulisoma jina lake mbele ya chama. Kama unajua kuandika barua, mwandikie. Kama unajua lugha ya ishara, mpeleke ndugu yetu kiziwi benki mkaulize hesabu pamoja. Mashemasi, tembeleeni nyumba hizi na unga mkononi kabla ya kwenda na maombi.

Mpendwa, wiki hii andika lile daftari. Usilifanye peke yako, muite mtu mmoja unayemwamini. Bwana aliyeliwekea ulinzi jiwe la kusagia anaijua nyumba yako, na anajua kesho mtakula nini.

Ubarikiwe. Mtumie mmoja anayehitaji neno hili.