Picha Mbili za Ziwa Chad

Hapana hoja iliyo nyepesi kuliko picha mbili zilizowekwa bega kwa bega. Ya kwanza, iliyopigwa kutoka angani mwaka 1973, yaonyesha ziwa pana ukingoni mwa Sahara. Ya pili, ya miaka ya baadaye, yaonyesha kidimbwi. Chini yake huandikwa ya kuwa kilomita za mraba 25,000 za mwaka 1963 zimepungua kwa sehemu tisa katika kumi, na ya kuwa ziwa li karibu kutoweka.

Walakini nukta mbili huruhusu mstari wowote autakao mchoraji. Setilaiti zimelipiga picha ziwa hilo tangu mwaka 1972, na mfuatano wa picha hizo wasema jambo jingine. Pigo kubwa lilikuwa ukame wa miaka ya 1970 na 1980, uliolikata ziwa mapande mawili, kaskazini na kusini. Baada ya hapo maji yamepanda na kushuka, lakini hayakuzidi kukauka. Uchunguzi wa Pham-Duc na wenziwe, uliochapwa mwaka 2020, wathibitisha hivyo. Tena, maji mengi ya kusini yamefunikwa na mimea, na mwenye kutazama rangi ya buluu peke yake huyahesabu kuwa nchi kavu! Kwa hiyo hutumiwa rada, na setilaiti zilizorushwa mwaka 2002 kupima uzito wa maji yenyewe.

Wako wamlaumuo mkulima. Makala ya Coe na Foley ya mwaka 2001 iliutwika umwagiliaji sehemu kubwa ya lawama. Lakini mifereji ya mradi mkubwa wa Nigeria ilikauka miaka ya 1980 kwa kuwa ziwa lilikuwa limekwisha kuihama. Mfereji mkavu hunywa nini? Karibu sehemu tisa katika kumi za maji huletwa na mto Chari na tawi lake Logone, na mvua ya huko ndiyo mwamuzi.

Ubishi huu si wa madarasani tu. Abuja, Februari 2018, mkutano wa mataifa uliunga mkono kuhamisha maji ya bonde la Kongo yaje kuliokoa ziwa, kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 2,000. Wenye kushika picha mbili hawajasema watakwenda wapi watu wapandao mahindi na kunde katika ardhi iliyoachwa na maji, siku ziwa litakaporudishwa mahali lilipokuwa mwaka 1963.