Eti Mikoani Hakuna Soko la Redio ya Singeli? Tusidanganyane

Mwezi uliopita alikuja chuoni kwetu jamaa mmoja wa kampuni ya matangazo kutuelezea "fursa katika vyombo vya habari". Suti safi, slaidi nzuri. Mwanafunzi mwenzetu akamuuliza kama redio ya muziki wa kucheza tu, singeli na ndugu zake, inaweza kuishi nje ya Dar es Salaam. Jamaa akacheka. Akasema singeli ni ya Dar, huko mikoani watu wanataka taarifa ya habari, mahubiri na matangazo ya vifo. Ukumbi mzima ukacheka naye.

Mimi ni mtoto wa Igoma, Mwanza. Sikucheka, ila na mdomo sikufungua, na hilo limenikera kuliko maneno yake. Kwa hiyo nasema hapa nilichoshindwa kusema pale: soko lipo. Kisichokuwepo ni uhuru wa kulihudumia. Na makamanda, hili ni jambo letu, siyo la madijei peke yao.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, yaani hata asilimia 9 haijafika. Mkoa wa Mwanza peke yake una watu karibu milioni 3.7. Anayedhani hao wote wanasubiri matangazo ya vifo aje Buzuruga jioni moja tu. Bodaboda zina spika. Vibanda vina sabufa. Vijana wanatoa hela yao kujaziwa nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Jiulize, mtu anayelipia muziki wakati redio ni ya bure anakuambia nini? Anakuambia redio haimpigii anachotaka.

Wala siyo kwamba kanda yetu haijawahi kuthubutu. Radio Free Africa ilitokea Mwanza ikasikika sehemu kubwa ya nchi, na kampuni hiyohiyo ikaleta Kiss FM, redio ya muziki kwa vijana. Hakuna aliyesubiri ruhusa ya Masaki kuamua kwamba Wasukuma nao wana masikio.

Sasa tuje kwenye singeli yenyewe, maana ina somo. Ilikulia uswahilini Dar, kwenye mchiriku na vigodoro, mitaa ya kina Manzese, Tandale na Mburahati. Kwa miaka mingi wenye vituo wakubwa waliiona ni kelele za wahuni. EFM ilipoanza mwaka 2014 ikaipa nafasi hewani, na haikupita muda majina kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba yakawa ya nchi nzima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na muziki huo ukapanda ndege kwenda kwenye matamasha ya Ulaya. Muziki ulioambiwa hauna hadhi ya kupigwa mjini!

Watu wanasoma vibaya hadithi hiyo. Wanasema EFM ilifanikiwa kwa sababu Dar kuna hela. Dar kuna vituo vingi vyenye hela. Kilichofanya kazi ni kuwapa watu wa mji sauti ya mtaa wao. Ndiyo maana redio ya kucheza ya Mwanza haitakiwi kuwa fotokopi ya Dar. Usukumani kucheza ni mashindano tangu enzi za mababu: kuna Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayokamiana kwa ngoma na mbwembwe, na hadi leo Bujora wana sherehe ya Bulabo. Nyimbo za Kisukuma zenye gitaa na kinanda zinajaza viwanja huku. Tanga wana mduara na taarabu yao. Kigoma rumba inavuka ziwa kutoka Kongo bila kugongewa muhuri. Kwa hiyo jibu langu kwa yule jamaa ni hili: ndiyo, redio ya kucheza inaweza kusimama katika kila mji, ila kila mji una mwendo wake. Ikianguka mahali, uliza kwanza kama ilikuwa inapiga muziki wa mji ule au kanda iliyotumwa kutoka Dar.

Halafu uliza swali la pili, ambalo kwenye slaidi halikuwepo. Nani alipiga simu?

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na kipindi cha Jumamosi usiku kwenye kituo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Kituo sitakitaja, bado ana rafiki zake mle. Saa tatu hadi saa sita usiku ilikuwa singeli, nyimbo za Kisukuma alizozichanganya mwenyewe, na salamu za wasikilizaji. Simu zilikuwa hazikatiki. Mwenye duka la simu na mwenye ukumbi walilipia matangazo bila kubembelezwa. Soko hilo, jamani, unataka ushahidi gani tena?

Usiku mmoja dada mmoja akatuma ujumbe: mpigie wimbo fulani mume wangu, na muulize mheshimiwa maji yatarudi lini, leo siku ya 11. Kaka akausoma, akacheka, akapiga wimbo. Ulipoisha kulikuwa na meseji nyingine kibao za maji, mtaa kwa mtaa. Akazisoma zote juu ya biti. Hakutukana mtu. Hakutaja chama.

Jumatatu meneja akamwita. "Kuna simu imepigwa." Kutoka wapi? "Wewe elewa tu." Jumamosi iliyofuata saa zile zilijazwa na nyimbo za kompyuta, hakuna mtangazaji, hakuna salamu. Mwenye ukumbi akaondoa tangazo lake. Baada ya miezi michache kipindi kikafa, na leo ukiuliza pale utaambiwa kilikosa wasikilizaji. Kaka siku hizi anapiga muziki kwenye harusi.

Mimi nasoma sheria. Nilimuuliza kitu cha kwanza tunachofundishwa kuuliza: barua iko wapi? Hakuna barua. Hakuna kifungu alichovunja, hakuna tarehe, hakuna jina. Kwenye karatasi mtu asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Sawa. Sasa simu unaikatia rufaa wapi?

Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, ina historia. Agosti 2016 serikali ilizifungia Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar. Machi 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliingia usiku kwenye ofisi za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, akaunda kamati, akapokea taarifa yake, na kesho yake akaondolewa yeye. Agosti 2020, uchaguzi unakaribia, Clouds ikafungiwa siku 7. Septemba ikafuata Wasafi FM, siku 7. Angalia hayo majina vizuri. Clouds na Wasafi zimejengwa juu ya muziki na burudani. Kama muziki wa kucheza ni upuuzi usio na maana, mbona wanaufuata kwa askari na kufuli?

Kituo kikubwa cha Dar kikifungiwa wiki moja kinaumia, kisha kinarudi. Kituo kidogo cha mkoani, chenye mtambo mmoja na watangazaji wanaolipwa posho, hakingoji kufungiwa. Kinajifungia chenyewe. Hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya soko la Dar na soko la Mwanza, Mbeya au Kigoma. Woga ni uleule, ila mkoani bei yake ni kubwa zaidi.

Sheria yenyewe inasaidia woga huo. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, TCRA ndiyo inatoa leseni, iwe ya taifa, mkoa, wilaya au jamii. TCRA hiyohiyo ndiyo inasikiliza unachorusha. Ikiona umekosea, inakuita, inakuhoji na inakupa adhabu. Mwenyekiti wa bodi yake anateuliwa na Rais. Mwaka wa kwanza tu wa sheria tunafundishwa kwamba mtu hawezi kuwa hakimu kwenye kesi yake mwenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutoa maoni na kupata habari. Haisemi isipokuwa saa tatu usiku, wimbo ukiwa umekolea.

Na hela je? Nakubali, siyo kila kifo cha redio ni siasa. Wapo wenye vituo wabahili, hawamlipi mtangazaji, wanaweka kompyuta ipige nyimbo za Dar kutwa nzima halafu wanalalamika mji haujaitikia. Hao wajilaumu. Lakini serikali na taasisi zake nazo ni wanunuzi wakubwa wa matangazo, na mkoani, ambako kampuni kubwa ni chache, kulikosa tangazo la halmashauri au la shirika la umma ni pigo. Mwenye kituo anaijua hesabu hiyo kabla simu haijapigwa.

Utasikia mtu anasema hamieni mtandaoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni huko nako, kwa ada ya shilingi milioni 1. Ukihamia huko unamkuta mlinzi yuleyule.

Uingereza waliipitia hii. Kiss FM ya London ilianza 1985 ikirusha muziki wa kucheza bila leseni. Wasikilizaji walikuwepo siku zote, sheria ndiyo ilikuwa imefunga mlango. Mwaka 1990 ikapata leseni, na kufikia 1994 Manchester nako kukawa na Kiss yake. Mlango ulipofunguliwa, soko lililoambiwa halipo likaonekana.

Sasa niwageukie wenzangu, maana na sisi hatuko salama. Nimekaa vikao vya vijana ambako kamanda anasimama anasema "vijana wa siku hizi ni singeli tu, hawajitambui". Kamanda, yule dada wa maji alikuwa anajitambua kuliko wewe. Aliuliza swali lake akiwa anacheza. Tukiendelea kuwadharau wanaocheza, tusishangae mikutano yetu ikijaa watu walewale.

Naomba tusimamie mambo matatu, na yaingie kwenye ilani kwa maandishi. Moja, anayetoa leseni asiwe ndiye anayetoa adhabu ya maudhui. Adhabu itolewe na chombo huru, kwa barua yenye kifungu, baada ya mtu kusikilizwa. Mbili, leseni za wilaya na jamii ziwe rahisi na nafuu, ili kijana wa Kasulu au Magu arushe muziki wa kwao. Tatu, matangazo ya serikali yagawiwe kwa vigezo vinavyojulikana, hadharani.

Kaka yangu ameniambia nisijisumbue, dunia ndivyo ilivyo. Nimemwambia flashi yenye nyimbo za kile kipindi asiifute. Ataihitaji.