Viazi Mara: kinachokosekana ni marando, si ardhi

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, wakazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hupata hamu ya kulima viazi kwa ajili ya chakula cha familia. Baadhi yao hukimbilia viazi mviringo kwa kuwa chipsi zina wateja mjini. Hununua viazi vya sokoni, huvikata vipande, huvipanda, na baada ya miezi mitatu huchimba vitu vidogo visivyojaza hata sahani. Lawama huangukia udongo au mbolea, wakati kosa lilifanyika siku ya kuchagua zao.

Viazi mviringo ni zao la nchi ya baridi. Vinastawi Njombe, Makete na milima ya Mbeya, hasa kuanzia mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Musoma iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye mita 1,150 hivi, na joto lake si la kiazi hicho. Huko Tarime kwenye miinuko mtu anaweza kujaribu. Kwa ukanda wa ziwa, kiazi cha nyumbani ni kiazi kitamu, zao ambalo kina mama wa mkoa huo wamelilima tangu zamani bila ruzuku na bila kuitiwa semina.

Umuhimu wake umeongezeka. Muhogo, tegemeo la kaya nyingi za Majita na pwani nzima ya ziwa, umepigwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Mahindi hukauka mvua zikikatika mapema. Kiazi kitamu huvumilia ukame kuliko mahindi na hukomaa kati ya miezi mitatu na mitano, hivyo familia yenye matuta machache ya viazi ina cha kubandika jikoni wakati ghala la mahindi likiwa tupu.

Sasa iweje zao hilo lipandwe kwa kuchelewa na kwa eneo dogo? Jibu liko kwenye mbegu. Kiazi kitamu hupandwa kwa marando, na marando hayahifadhiwi kwenye gunia kama mahindi. Kiangazi cha Juni hadi Septemba huyakausha shambani, na yanayobaki huliwa na mifugo inayoachiwa mashamba baada ya mavuno. Mvua ikinyesha, mkulima husubiri viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue, ndipo apate marando. Wiki nyingi za mvua zimeshapita. Mbaya zaidi, marando hayo mara nyingi yamebeba virusi vinavyosambazwa na inzi weupe na vidukari. Ukiona majani yamejikunja, yamekuwa madogo na rangi imefifia, shina hilo halifai kuwa mbegu hata kama limetoka kwa jirani mwema.

Na hapo ndipo penye ugumu. Kwa desturi marando huombwa, hayauzwi. Ni desturi nzuri ya ujirani, lakini kitu kinachotolewa bure hakuna anayekigharamia kiangazi kizima kwa ndoo za maji. Mbegu ya pamba humfikia mkulima wa Bunda kabla ya msimu kwa sababu kuna wenye viwanda wanaoisubiri pamba. Marando hayana wa kuyasubiri isipokuwa mama mwenye watoto wa kulisha. Kati ya mwaka 2009 na 2012 mradi wa Marando Bora, uliosimamiwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP), ulijaribu kuziba pengo hilo Kanda ya Ziwa kwa kutumia wakulima waliozalisha marando vijijini na kwa kugawa vocha. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Halmashauri zinazopanga bajeti za kilimo kwa mahindi na pamba pekee zingefanya vema kulirudia, kwa sababu pampu moja ndogo ya maji kwa kikundi kilichoko kando ya ziwa inaweza kuwahudumia wakulima wa vijiji kadhaa.

Mwenye kiwanja kidogo Musoma mjini naye ana nafasi yake. Watu hujaza udongo kwenye viroba wakitumaini kuvuna viazi, na wanachopata ni kidogo. Kiwanja chenye bomba kingezaa faida zaidi kama kitalu cha marando. Pingili tatu tatu zikipandwa kwa nafasi ya sentimeta 10 kwa 20, mita moja ya mraba inachukua vipande 50. Tuta la mita 10 za mraba linachukua vipande 500, na kila kimoja kikitoa marando matatu tu, yanapatikana 1,500, yanayotosha matuta yenye urefu wa jumla wa mita 450.

Asiye na maji ya kutosha atumie mchanga. Wakati wa mavuno ya Juni achague viazi vidogo vizima, visivyo na tundu wala jeraha, kutoka mashina yenye afya. Avipange kwenye beseni au ndoo kwa tabaka za mchanga mkavu na kuliweka mahali penye ubaridi ndani ya nyumba, asimwagie maji. Kila mwezi akague na kutoa kilichooza. Katikati ya Agosti, wiki sita hadi nane kabla ya vuli, avipande kwenye tuta la kumwagilia lenye uzio dhidi ya mbuzi na kuku. Mvua ya kwanza itamkuta na marando mkononi.

Kupanda kwenyewe si kazi ngumu. Matuta yawe umbali wa mita moja, marando ya urefu wa sentimeta 25 hadi 30 yapandwe kila sentimeta 30, na theluthi mbili zifukiwe. Kwa nafasi hiyo eka moja inataka marando zaidi ya 13,000, na mwenye kuombaomba kwa majirani atajua mwenyewe atayapata lini. Palizi ya kwanza isipite mwezi mmoja. Matembele yachumwe kwa kiasi, kwani shina linalonyolewa kila jioni halina nguvu ya kujaza kiazi.

Adui mkubwa baada ya hapo ni fukusi. Hupita kwenye nyufa za udongo na kutaga kwenye kiazi, na kiazi kilichotobolewa huwa kichungu, hata nguruwe hukikataa. Kwa hiyo udongo uinuliwe kuziba nyufa kadiri viazi vinavyotanuka, na shamba jipya lisipakane na la zamani. Desturi ya kuchimba kidogokidogo, leo vitatu, kesho vinne, ina maana kubwa kwa mlo wa nyumbani, mradi kila shimo lifukiwe vizuri na shamba lisiachwe mpaka katikati ya kiangazi. Kwa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti kuna hesabu nyingine, maana tembo hawasubiri kiazi kikomae.

Katika matuta hayo, angalau mawili yawe ya viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Kabode au Ejumula. Gramu 125 za kiazi hicho kilichochemshwa zinatosheleza mahitaji ya vitamini A kwa siku ya mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wazee hulalamika kwamba baadhi ya aina hizo zina maji, hazina unga mdomoni kama viazi vyeupe, na malalamiko yao yana ukweli. Wabaki na vyeupe vyao, watoto wapewe vya chungwa.

Kuhusu soko, ziada ya nyumbani isiharakishwe kwenye lumbesa. Mlanguzi hulipa gunia moja na kuondoka na gunia na nusu, ingawa kipimo hicho kimepigwa marufuku mara nyingi. Kuuza kwa fungu kando ya barabara, au kukata michembe na kuianika, kunamwachia mkulima zaidi. Michembe ya viazi lishe ianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini A iliyomfanya mama ahangaike kuvitafuta.