Jenerali Mezani
Wiki hii hapa Ikonge, karibu na kituo cha kununulia majani chai, nimemwona afisa mstaafu wa jeshi akiwapatanisha ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Aliwaacha waseme hadi wakaishiwa, kisha akamtaka kila mmoja aeleze malalamiko ya mwenzake. Nikamkumbuka Luteni Jenerali Lazarus Sumbeiywo. Alikuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu Rais Moi alipomkabidhi, mwaka 2001, kazi ya kusuluhisha vita vya Sudan vilivyowaka tangu 1983. Julai 2002 ikapatikana Itifaki ya Machakos. Baadaye akavua sare, akabaki kwenye mazungumzo ya Naivasha hadi mkataba kamili ukatiwa saini Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Mtu aliyezoea amri kutekelezwa papo hapo alivumilia miaka ya watu kununa, kususia na kurudi. Aliyebeba mzigo wa bunduki ndiye ajuaye raha ya kuutua. Nalisema hili kwa uchungu, maana sisi wa Nyamira tunapakana na Sotik, na makovu ya machafuko ya baada ya uchaguzi, mwaka 2008, pale mpakani Chebilat tunayajua. Wanajeshi wastaafu tunawaketisha viti vya mbele mazishini na kwenye harambee, halafu kamati za amani tunaziunda bila wao. Taifa lililogharamia kuwafundisha vita, likishindwa kuwatumia kuleta amani, linajidhulumu. Machifu wawaite sasa, kabla panga halijachomolewa.